Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maafa: waliozama bila kuandikwa wana ndugu

Kwa waheshimiwa viongozi mliokabidhiwa usimamizi wa maafa, usajili wa vifo na usalama wa vyombo vya majini, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

YAH: FAMILIA ZINAZOFIWA GHAFLA KATIKA AJALI ZA MAJINI NA MAAFA MENGINE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika nikiwa mjumbe wa kamati ya misiba ya mtaa mmoja kandokando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, kwa niaba ya familia nilizokaa nazo chini ya turubai, na nyingine ambazo hazikupata hata mwili wa kufungia turubai. Mimi mwenyewe nimempoteza mdogo wangu wa tumbo moja katika maji hayo hayo. Alipanda mtumbwi wa injini jioni kwenda visiwani kuchukua mzigo wa dagaa, usiku ukavuma upepo, na mpaka leo hajaonekana.

Kabla ya kuandika hadharani tulipita njia zote za kawaida. Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukaandika barua kwa ofisi za juu na kubaki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Majibu yalikuwa ya mdomo: subirini, mhusika yuko safarini, suala lenu linashughulikiwa. Baadaye hata hayo yakakoma. Ofisi hizo sitazitaja. Sitaki mtumishi fulani abebeshwe peke yake mzigo ambao umemzidi hata yeye.

Niseme kwanza lililo kweli. Siku za mwanzo za maafa, nchi hii inajua kuitikia. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka 20 Septemba 2018, mita chache kabla ya gati la Bwisya kisiwani Ukara, wavuvi walifika na mitumbwi yao mapema, wakafuata polisi, wanajeshi na wazamiaji. Yakatangazwa maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuivamia Katesh 3 Desemba 2023, likaua watu 89, serikali ilijenga nyumba mpya kwa waliobomokewa pale Waret. Jengo lilipoporomoka Kariakoo 16 Novemba 2024, waokoaji walizungumza na watu waliokuwa chini ya kifusi na kuwapitishia maji na hewa. Hayo tumeyaona na tunayakiri.

Kwetu sisi, shida inaanza turubai linapokunjwa. Viti vimerudishwa, masufuria ya kukodi yamehesabiwa, viongozi wameshatoa pole na kuondoka, na ndani ya nyumba wamebaki mjane, watoto na bibi mzaa baba. Tangu hapo hakuna ofisi yenye jukumu la kuwajua watu hawa. Hoja zetu ni hizi.

1. Abiria wanasafiri bila majina

Naanza na hili kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo kuja Mwanza, ilikuwa meli ya kubeba abiria 430. Orodha iliyokuwapo ilikuwa ya madaraja ya juu. Wa daraja la tatu, ambao ndio walikuwa wengi, hawakuandikwa popote. Ndiyo maana hadi leo hesabu ya waliokufa inatajwa kuanzia mia tano hadi karibu elfu moja. Waheshimiwa, tofauti ya hesabu hizo mbili ni mamia ya watu. Kila mmoja wao aliagwa na mtu nyumbani siku ile.

Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ikazama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa takriban mia mbili, lakini uchunguzi ulikuja kubaini kwamba waliopotea walizidi elfu moja. Nani aliwahesabu walipopanda? Hesabu ilibidi itoke kwa familia zenyewe, zilizokwenda kuandikisha kwamba nyumba fulani imepoteza watano, nyumba fulani imepoteza wote.

Kisha MV Nyerere, kivuko cha watu 101, ambacho kilipoteza zaidi ya watu 220. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, na watu walikuwa wanarudi Ukara na mizigo yao. Ilielezwa kwamba mkatishaji tiketi alikufa na mashine ya tiketi ikazama pamoja naye. Kumbukumbu ya abiria ilikuwa ndani ya chombo kilekile kilichobeba abiria.

Linganisheni na ndege iliyoanguka ziwani 6 Novemba 2022 ikikaribia uwanja wa Bukoba. Siku ileile ilijulikana kuwa ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, na kila mmoja alikuwa na jina tangu saa za mwanzo. Uchungu wa familia zile haukupungua kwa sababu ya karatasi, lakini hazikuulizwa, "Mna uhakika gani kwamba alikuwemo?" Swali hilo sisi watu wa vivuko na mitumbwi tunaulizwa kila mara. Muuzaji wa nyanya anayelipa nauli ya kivuko ana haki ya kuandikwa jina sawasawa na anayelipa nauli ya ndege.

2. Habari za kifo zinatufikia kwa picha za simu

Mama mmoja wa mtaa wetu aliujua msiba wake kupitia kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa sokoni. Mtu alirusha picha ya miili iliyolazwa mchangani, imefunikwa nusunusu. Mama yule akakitambua kitenge. Alikuwa amekinunua yeye mwenyewe doti moja, wakagawana na binti yake. Alikuwa kwenye meza yake ya mboga, hana ndugu pembeni, hana hata mahali pa kuketi. Wanawake wa meza za jirani ndio waliomdaka.

Tunajua serikali haiwezi kuzuia kila mkono wenye simu. Inaweza, hata hivyo, kuweka namba moja ya kupiga, mahali pamoja pa kuuliza, na mtu mmoja wa kujibu kwa sauti ya kibinadamu. Inaweza kuhakikisha familia zinaelezwa kabla ya vyombo vya habari. Mwaka uleule wa 1996 ambao sisi tuliwazika wa MV Bukoba makaburini Igoma, Mwanza, Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia familia za wanaokufa katika ajali za ndege. Sheria ile inataka mtu ateuliwe rasmi kuwa kiungo na familia, shirika la hiari likabidhiwe kazi ya kuwafariji, na matokeo ya uchunguzi yaelezwe kwa wafiwa kabla ya kutangazwa kwa umma. Marekani ina fedha kuliko sisi, ni kweli. Lakini kumwambia mama kabla ya kumwambia mwandishi wa habari ni suala la utaratibu tu.

3. Utambuzi wa miili

Hapa sitasema mengi, maana waliopita hapo hawapendi kukumbushwa. Miili ikipangwa uwanjani na ndugu wakapitishwa mstari mzima kufunua mmoja baada ya mwingine, mtu anakwenda kumtafuta mmoja na kurudi na sura za watu hamsini kichwani. Anza na nguo, viatu, shanga, kovu. Onyesha picha ya kitu kabla ya uso. Mpe mtu mahali pa faragha na mwenzake wa kumshika mkono. Pale ambapo moto umeharibu kila kitu, kama Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu mia moja, vinasaba ndiyo njia. Basi aliyetoa sampuli apewe karatasi yenye jina la mtu atakayempigia, na siku ya kupata jibu.

4. Wasiopatikana

Hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Aliyezika ana kaburi. Anaweza kwenda Igoma kila Mei 21, asimame, aombe, alie, arudi nyumbani. Asiyezika hana pa kwenda. Baba yangu alishinda mwaloni siku nyingi akiwauliza wavuvi wanaoingia alfajiri kama wameona chochote. Mama alikataa katakata kuwekwa matanga, kwa hoja kwamba matanga ya nani, mtoto hajafa, amechelewa. Majirani hawakujua waje na rambirambi au waje na maneno ya matumaini. Wengine wakaona heri wasije kabisa. Ukoo ukagawanyika. Wapo waliotaka tufanye ibada tumalize, na wapo waliosema kufanya ibada ni kumzika mtu aliye hai.

Wazee wetu waliliona tatizo hili zamani. Kwa Wajaluo wa Rorya na wenzao wa ng'ambo ya mpaka Kenya, mtu akipotea majini huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake, ili nyumba ipate kaburi na mjane apate kuendelea na taratibu zake. Waislamu wana sala ya ghaibu kwa asiyekuwepo mbele yao. Wakristo wana misa na ibada za kumwombea marehemu ambaye mwili wake haupo. Dini na mila zimefungua mlango. Uliofungwa ni wa ofisini.

Wifi yangu alikwenda kuomba cheti cha kifo cha mume wake. Alibeba mfuko wa plastiki wenye kila alichokuwa nacho: nakala ya kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, barua ya mtendaji, majina ya wavuvi wawili walionusurika katika mtumbwi uleule na walio tayari kuapa kwamba walimwona akizama. Kijana wa pale alikuwa mpole, hakumfokea. Alimwuliza, "Mama, kibali cha mazishi kiko wapi?"

Akamjibu, "Baba, hatujazika."

Akaonyeshwa fomu, mahali panapouliza alipozikwa marehemu. Wifi yangu akasema aandike ziwani. Kijana akasema hawezi kuandika hivyo, akamshauri arudi baada ya miaka mitano.

Ushauri ule una chanzo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania Bara inasema mtu akiwa hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, anayedai yu hai ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Sheria ya Ndoa nayo ina kipimo hicho hicho cha miaka mitano kwa mume au mke asiyesikika. Kenya ni miaka saba. Tunaiheshimu sheria hiyo. Lakini ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyeondoka nyumbani na hakuna ajuaye alikoelekea. Mtu aliyeonekana akipanda chombo, chombo kikazama, na walionusurika wakamwona akienda chini, huyo anajulikana alikoelekea. Ushahidi upo. Kinachokosekana ni ofisi ya kuupokea.

Miaka mitano hiyo inaishije ndani ya nyumba? Nyumba na kiwanja vina jina la mume. Hakuna mirathi bila cheti cha kifo, na mahakama ya mwanzo haiwezi kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye kwa karatasi yu hai. Akiba iliyo kwenye laini yake ya simu haitolewi. Mchango wa mfuko wa hifadhi haulipwi. Madeni, hata hivyo, hayasubiri miaka mitano. Mdogo wangu alikuwa amechukua mkopo wa riba kubwa, ule tunaouita kausha damu, kununua nyavu. Waliomkopesha walifika wiki ya tatu. Kwao alikuwa amekufa vya kutosha kudaiwa mjane, na ofisini hakuwa amekufa vya kutosha kuandikiwa cheti. Kikoba cha wifi yangu ndicho kilichomstiri, wanawake wenzake wakachanga wakalipa sehemu ya deni na kuomba muda.

Na mjane mwenyewe? Kwa Mwislamu, eda ya aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi. Inaanza lini kwa ambaye mume wake hajatangazwa kufa? Nimewaona wanawake wakiishi katika hali ambayo hawawezi kuitwa wajane wala wake za watu. Ndugu wa mume wakitaka kumtoa nyumbani, hana karatasi ya kujitetea. Akitokea mtu wa kumsitiri, anaambiwa anazini.

Wengine wamekwishalifikiria hili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, New York iliruhusu familia kupata vyeti vya vifo kwa hati za viapo na ushahidi, bila mwili. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka, nchi ambayo si tajiri, ilitunga mwaka 2005 sheria maalumu ya muda ya kusajili vifo vya waliochukuliwa na maji. Sisi tuna MV Bukoba, tuna Spice Islander, tuna MV Nyerere, na tuna mitumbwi isiyoingia kwenye habari. Sababu za kutunga sheria kama hiyo tumekuwa nazo tangu 1996.

5. Michango inayokusanywa kwa jina letu

Watanzania wanachanga. Wanafunzi wanachanga, makanisa na misikiti, kampuni, wanasiasa mbele ya kamera. Wafiwa hatujui kilichokusanywa, hatujui kilichotumika. Baada ya tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu 17, baadhi ya viongozi mkoani humo walifukuzwa kazi kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya michango. Hatua ile ilikuwa sahihi. Lakini pia mwaka uliofuata wananchi waliokuwa wakisubiri kujengewa waliambiwa kila mtu ajenge nyumba yake mwenyewe. Inawezekana zilikuwepo sababu za kuelekeza fedha kwenye shule na zahanati. Aliyelala chini ya maturubai alistahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza ya kuchangisha.

Tunaomba hesabu ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na rambirambi ya serikali ikabidhiwe kwa mtu aliyekubaliwa na kikao cha familia, kwa maandishi. Tumeshuhudia pesa ya jeneza ikizua kesi kati ya mke na shemeji zake.

6. Kuvuka maji yaleyale

Mtu akifiwa barabarani anaweza kubadili njia. Mtu wa Ukara hana njia nyingine. Aliyempoteza mama yake kwenye kivuko atapanda kivuko tena wiki ijayo, kwenda hospitali, kwenda sokoni, kwenda kufanya mtihani, na atapita palepale. Nilimwona mtoto wa darasa la sita akishikilia nguzo ya gati kwa mikono miwili, shangazi yake anamvuta, watu nyuma wanalalamika wanacheleweshwa. Mtoto hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anatetemeka tu na meno yanagongana, juani saa sita mchana.

Washauri nasaha huja siku za mwanzo, wakati mfiwa bado hajui hata kilichompata. Anaitikia ndiyo kwa kila anachoambiwa. Usingizi unapokosekana mwezi wa tatu, baba anapoanza kunywa, mtoto anapokojoa kitandani na ana miaka kumi na moja, wameshaondoka zamani. Hatuombi daktari bingwa kila kisiwa. Kila zahanati ina muuguzi, kila shule ina mwalimu wa malezi, kila kitongoji kina mhudumu wa afya wa jamii. Wafundishwe dalili hizi, wapewe majina ya nyumba zilizofiwa, na waambiwe wazitembelee kwa mwaka mzima.

Na wavuvi wasisahaulike. Ziwani, mara nyingi wao ndio wanaotangulia kufika, na wao ndio wanaotoa miili ya watoto majini kwa mikono yao wenyewe. Kesho yake wanarudi kuvua. Hakuna anayewauliza wamelalaje.

7. Ripoti za uchunguzi

Kila ajali kubwa inaundiwa tume. Tunaomba kila ripoti isomwe kwa wafiwa, kwa Kiswahili, kwenye uwanja wa kijiji au kata iliyofiwa, na wapewe nafasi ya kuuliza. Mtu anayejua kwa nini chombo kilizama anaacha kujilaumu kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtoto sokoni siku ile.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema bajeti ni finyu. Sehemu kubwa ya tunayoyaomba ni fomu, mhuri, ubao wa matangazo na jina la mtumishi aliyepewa jukumu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo, na kamati za maafa zimewekwa kuanzia taifa hadi kijiji. Familia zilizofiwa ziongezwe kwenye kazi za kamati hizo, na kazi hiyo iendelee baada ya mazishi.

Mtasema mitumbwi ni mingi na mialo ni mingi, nani ataandika majina. Kila mwalo unaotambuliwa una uongozi wake, na ushuru wa samaki hukusanywa hapo hadi kilo ya mwisho. Anayeweza kuandika kilo za dagaa zinazoshuka anaweza kuandika majina ya watu wanaopanda. Daftari libaki nchi kavu, nakala ya picha itumwe kwa simu kabla ya kung'oa nanga. Ni wananchi wenyewe, mtasema tena, wanaokwepa kuandikwa na kujaza chombo kupita uwezo. Wapo, kweli. Kwenye basi la mkoani abiria huandikwa jina kwenye tiketi na hakuna anayegoma, kwa sababu bila tiketi hapandi.

Matapeli nao watatajwa: watu watadai vyeti vya vifo vya walio hai ili warithi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana hatuombi cheti kwa neno la mtu mmoja. Tunaomba kiapo cha walionusurika, uthibitisho wa kitongoji, orodha ya mwaloni, taarifa ya polisi ya ajali, na tangazo la wazi la muda maalumu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tapeli hawezi kupita hapo kirahisi. Leo mwaminifu ndiye asiyeweza kupita.

Wapo watakaotuambia ni mipango ya Mungu, tuwe na subira. Subira tunayo, na imani tunayo. Maneno hayo tunayapokea kwa mashehe, mapadri na wachungaji wetu tunapoyahitaji. Yakitoka kwa mwenye dhamana ya kukagua chombo, yanatuumiza.

Tunachoomba

Kwa heshima, tunaomba mambo matatu yafanyike kwanza, hata kama mengine yatachukua muda.

Moja, utolewe waraka unaoelekeza ofisi zote za usajili kupokea maombi ya cheti cha kifo kwa waliopotea katika ajali ya majini yenye mashahidi, bila kudai kibali cha mazishi wala miaka mitano, kwa masharti tuliyoyataja hapo juu. Ikionekana sheria lazima ibadilishwe, muswada upelekwe bungeni, na waliopotea kabla yake nao waingizwe.

Mbili, hakuna kivuko, meli wala mtumbwi wa abiria utakaoondoka bila orodha ya majina iliyobaki nchi kavu. Chombo kitakachokamatwa bila orodha kishughulikiwe sawa na kilichokamatwa bila maboya.

Tatu, katika kila ajali yenye vifo, ateuliwe mtumishi mmoja kwa kila kundi dogo la familia, mwenye jina na namba ya simu inayojulikana, atakayekuwa nao kwa mwaka mzima: utambuzi, cheti, mirathi, watoto shuleni, ripoti ya uchunguzi. Akihamishwa, amkabidhi mwenzake mafaili mbele ya wafiwa.

Tuko tayari kuitwa. Nitakuja na wajane, na wavuvi walionusurika, na karatasi zetu zote zenye mihuri yenu. Tutakaa popote mtakapotupangia, wilayani, mkoani au Dodoma, na nauli tutachangishana wenyewe. Tunaomba majibu ya maandishi, yabandikwe pia kwenye ofisi za kata za mwambao na visiwani, kabla ya 20 Septemba ijayo, siku ambayo watu wa Ukara watakuwa kwenye makaburi ya Bwisya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya misiba,
kwa niaba ya familia za waliopotea ziwani,
Mwanza

Nakala: Wabunge wa majimbo yote yanayopakana na Ziwa Victoria, wenyeviti wa vijiji na mitaa ya mwambao, viongozi wa mialo, mashehe, mapadri na wachungaji wetu